Rangi Nyuma ya Picha

Sogeeni, wanangu. Wewe Simiyu, acha kusimama mlangoni kama mgeni, kaa hapa kitandani. Na wewe Namalwa, usiende mbali, maana sauti yangu mimi Khaemba imeanza kunikimbia na sitaki kusema jambo moja mara mbili. Shamba la Kimilili mligawane sawa, mvulana na msichana, na baba zenu wadogo wakija na maneno ati mwanamke harithi ardhi, waambieni mwenyewe alisema akiwa na akili zake timamu. Ng'ombe ni wa mama yenu. Hayo yamekwisha. Kinachonitesa ni ile picha kubwa ukutani.

Nyinyi mlikua nyumbani na mama yenu, mimi nikiwa hapa Nakuru kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, nikipaka rangi mabehewa. Siku moja nilitumwa kupaka kibao kule ziwani. Nikainua macho, nikaona maji yamejaa heroe, wale ndege wa miguu mirefu, mpaka ng'ambo ya pili, na walipoinuka kwa pamoja brashi ilinikaukia mkononi, msimamizi akanitukana matusi ya kila aina nami sikusikia hata moja. Mtu mzima mimi, nililia kama mtoto. Tangu hapo kila Jumapili yangu ilikuwa ya ziwa.

Nilinunua kamera ya Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Naivasha, nikawa natambaa kwenye tope la magadi mpaka magoti yakachubuka, kwa sababu heroe akiona mtu amesimama anaondoka, lakini kitu kinachotambaa hakijali, anaendelea kula. Rafiki yangu Kang'ethe, aliyekuwa na studio ndogo karibu na soko, ndiye aliyenisafishia picha. Lakini picha ya kamera ni nyeusi na nyeupe. Shingo unaipata, bawa unalipata, rangi imebaki ziwani. Basi kila picha niliirudisha kulekule, jua likichomoza, nikasimama pale nilipoipigia, nikachanganya rangi ndege wakiwa mbele yangu, na ikilingana nao naipaka kidogo nyuma ya picha. Huko nyuma ndiko kulikokuwa na kazi yangu.

Kisha mambo yakaharibika kwa mkupuo. Kang'ethe alipakiwa kwenye lori la askari pamoja na Wakikuyu wengine wa mtaa wake, na mpaka leo sijui yuko kambi gani ya kizuizini, kama yuko. Mvua zikakataa, ziwa likakauka, sasa ni vumbi jeupe linalopeperuka mpaka mjini, na heroe wakaenda zao. Macho yangu nayo yakaanza kuingia ukungu. Nikasema si neno, rangi ninayo nyuma ya picha. Nikaanza kuchora ile kubwa ya ukutani: vilima, maji, mawingu, na ndege nikawaacha turubai tupu, niwapake mwisho.

Ndipo nikalazwa hospitali, nanyi mkaja kutoka nyumbani kunitunzia chumba. Simiyu, najua ulichotaka. Kwetu picha ya maana hailazwi sandukuni, inatundikwa juu ukutani wageni waione. Ukazichukua picha zangu zote, ukazipanga vizuri kwenye ubao, ukazigundisha kwa gundi ya seremala, na niliporudi ukanionyesha ukitabasamu. Kuzibandua tulijaribu mvuke, tukajaribu wembe. Karatasi ilitoka vipande vipande, na rangi ikawa uchafu wa kahawia. Nilikaa siku nyingi bila kusema na mtu, nawe ukadhani nimekukasirikia. Haikuwa hasira, mwanangu, nilikuwa na msiba. Usilie sasa. Ulifanya kwa mapenzi, na ubao ule uuchukue wewe, uutundike nyumbani kwako.

Nilikusudia kuwaambia mtu asiiguse ile kubwa, ndege wabaki weupe, kwa sababu hakuna kati yenu aliyewahi kuona heroe. Nyinyi mlikuta vumbi. Watu watawaambia ziwa litarudi. Waacheni waseme, mimi siamini. Rangi ile imekwisha duniani, na mimi niliyeijua ndiye huyu naondoka, na afadhali weupe kuliko uongo. Lakini Namalwa ana kichwa kigumu cha mama yake. Tangu asubuhi ananiuliza, baba, ni kama nini? Nikamwambia, kama ndani ya pera, kama unyayo wa mtoto mchanga, lakini sivyo hasa. Wee, akachukua kisahani akaanza kuchanganya.

Kang'ethe akirudi mpeni kamera. Mimi nipelekeni Kimilili, mnizike karibu na baba yangu, na msiniwekee... msiniwekee maneno mengi. Yeye baba alinitemea mate kifuani akanibariki. Nami ningewatemea, lakini mdomo umekauka, pokeeni pumzi tu. Mungu awakuzie watoto. Mpendane. Mkigombana... mkigombana, msilale hamjasemezana.

Namalwa, umemaliza? Ilete karibu. Fungueni dirisha kwanza, mbona mmenifungia gizani mchana wote huu?

Liko wazi?

Aa. Basi. Nishike mkono, uniweke kidole hapo kwenye kisahani. Karibu zaidi... Ndiyo, mama. Ndiyo hiyo. Hiyo hiyo kabisa. Paka.