Kilemba cha Kapitan kwenye Boti ya Iloilo

Boti ilipoondoka kisiwa cha Guimaras kwenda Iloilo, Salud alimsikia mzee Teodulo akijigamba kwamba fundi anamsubiri gatini ili amkate kilemba cha kichwani jogoo wake, Kapitan, aliyempakata, kabla ya pambano la majogoo la Jumapili.

“Utamuua kwa joto!” Salud akadakia. “Damu yake inapoa kwenye kilemba hicho na hizo ndevu za nyama. Wewe una kofia, yeye ana nini?”

“Usinichekeshe, mama! Hiyo ni nyama ya adui kushikia. Akidakwa hapo, tunakula supu.”

“Mbona hata matetea wanamchagua jogoo kwa kilemba hicho hicho?”

“Wanachagua miguu!”

“Basi tumuulize mwenyewe!” Salud akamtoa tetea wake kapuni. Tetea akakikodolea macho kile kilemba chekundu, kisha akachuchumaa mbele ya Kapitan, mabawa wazi. Abiria wakapiga kelele hadi samaki wakachungulia. Nahodha naye akasahau usukani.

“Umeona sasa?”

“Nimeona tetea asiye na haya!”

Boti ikagonga gati. Fundi alikuwa pale na mkasi wake, akimwita Teodulo kwa jina. Abiria wengine wote wakashuka. Mzee alibaki ameketi juani, kichwa wazi. Kofia yake ilikuwa imemfunika Kapitan.