Kwarara Alijitaja

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, sina kazi wala haraka. Fundi wa mashine ya kusaga alikuwa anatoka kliniki, daktari kamwambia masikio ndiyo yanakwisha. Mama wa pembeni akawa anamliwaza kwa kupiga kelele, mpaka dereva anaitikia. "Sauti ya kwarara utabaki nayo kwenye jina lake, baba! Ndege yule hakupewa jina na mtu, alijitaja mwenyewe kwa mlio wake!"

"Usinidanganye, mwanangu. Miaka arobaini wanatua juu ya bati langu, mbona sijawasikia?"

"Si mashine ilikuwa inanguruma?"

Basi likasimama, kwarara watatu wanalia juu ya paa la kituo. Fundi hakuwaangalia. Alimwangalia mama mdomoni: "Hebu litaje tena hilo jina, polepole."