Farasi wa Baharini wa Kakuma

Ejok, ndugu zangu, kama msalimianavyo hapa Turkana. Nawasalimu pia kwa salamu ya kwetu, asalaam aleikum, nikishukuru kwamba Mwislamu nimepewa kiti na kipaza sauti katika ukumbi wa kanisa. Mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa. Kusimama naweza, lakini nikisimama akili yote huteremka miguuni, na leo naitaka ibaki kwenye maneno.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha kufarijiana aliniomba nieleze nilivyotoka kitandani. Sitataja jina la mtu. Wengine hawakunipa ruhusa, na mmoja yuko humu ndani na ameshaanza kunitazama kwa jicho la onyo.

Mimi ni mtu wa pwani ya kusini. Kazi yangu ilikuwa kupiga mbizi na kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi, nikiwatia katika mifuko ya maji wakiwa hai. Husafirishwa kwa ndege kwenda kwa watu wanaofuga bahari ndani ya nyumba. Naona mnacheka. Watu hao wapo. Huweka tangi la vioo sebuleni, wakatia maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, samaki, na taa juu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo moja, na humo nilifuga farasi wa baharini.

Kwa asiyemjua, huyo ni samaki asiyefanana na samaki. Kichwa ni cha farasi, mkia umejikunja kama wa kinyonga, na anaogelea wima kama mtu anayetembea. Hana nguvu, kwa hiyo hujishika kwa mkia kwenye jani au tumbawe, akasubiri chakula kimpitie. Na anayebeba mimba ni dume. Akina mama, msipige makofi bado, safari ni ndefu.

Siku moja nikiwa chini sana, hewa kwenye mtungi ilikatika. Nilipanda juu haraka kuliko mwili unavyoruhusu. Mpiga mbizi akipanda hivyo, mapovu huingia kwenye damu. Nilifika kwenye boti nikiwa mzima, nikaomba maji ya kunywa, na nilipotaka kugeuka kuyapokea, miguu haikunifuata. Nililazwa kwa muda mrefu. Madaktari walifanya walichoweza, miguu ikarudi nusu. Nikapewa magongo na nikaambiwa bahari basi.

Mke wangu ni muuguzi. Mwaka huo huo, 2012, akapewa uhamisho kuja hapa Lodwar. Tulifunga mizigo. Tangi langu na samaki wangu nilimpa binamu yangu, nikamwambia asinipigie simu kunieleza habari zao.

Ndugu zangu, nawaambia, nilifika hapa nikiwa mzigo kati ya mizigo. Mnajua joto la nyumba ya mabati saa saba mchana. Mimi nililala humo kutwa, mlango umefungwa. Mke wangu akienda kazini ananiacha nikitazama ukuta, akirudi ananikuta nikitazama ukuta ule ule. Niliacha kunyoa. Niliacha kuswali, na mtu wa nyumbani kwetu anajua hilo lina maana gani. Mazoezi niliyoelekezwa hospitalini niliyaacha pia, nikisema miguu hii ni ya kuazima.

Tulikuwa na jirani, mama wa Kiturkana anayeuza makaa. Yeye alikuwa akipita anagonga bati kwa kijiti na kusema, "Wewe mtu ya bahari, toka nje. Hewa iko bure." Nilijifunika shuka hadi kichwani. Alikuwa akigonga tena kesho yake.

Nitasema na hili, kwa sababu najua humu ndani sisemi peke yangu. Nilifika mahali pa kuona afadhali usingizi usiokatika. Mke wangu aliligundua bila mimi kulitamka. Alikaa kando ya godoro akaniuliza wazi wazi kama nafikiria kufa. Nikasema ndiyo. Hakulia wala hakunihubiria. Kesho yake alinipeleka kwa mshauri pale hospitalini, na tangu siku ile hakuniacha peke yangu. Yeye akiwa zamu, yule mama wa makaa alihamishia biashara yake mlangoni kwetu. Kama kuna mtu humu anaibeba fikra hiyo leo, amwambie mtu kabla hajatoka. Mimi niliulizwa, na kuulizwa kulinisaidia.

Nilianza kutoka nje kidogo, lakini moyo ulikuwa bado umelala.

Sasa, kuna siku mke wangu alimhudumia bibi mmoja aliyeletwa kutoka Kakuma kwa ajili ya shinikizo la damu. Bibi huyo ni Mbajuni wa visiwa vya Kismayu, alikimbia vita zamani. Mke wangu aliposikia Kiswahili chake, cha pwani kama chetu, wakazungumza hadi dawa zikasahaulika mkononi. Bibi akamweleza shida yake kubwa, nayo haikuwa shinikizo la damu. Mwanawe, mfanyabiashara mwenye malori, alimwagizia tangi la samaki wa baharini kutoka Mombasa ili apate kuiona bahari aliyoikosa miaka mingi. Samaki wanakufa mmoja mmoja. Yeye kila asubuhi anaamka kuhesabu maiti.

Mke wangu akarudi nyumbani akanieleza. Nikamwambia nisihusishwe, mimi na samaki tumeachana.

"Sikukuomba ushauri," akasema. "Nimeshasema unakuja. Gari litapita asubuhi."

Nilikasirika. Nilikasirika usiku, nikakasirika asubuhi, nikakasirika njia nzima hadi Kakuma, na mnaijua barabara ile ilivyokuwa, kila shimo lilinikumbusha mgongo wangu. Dereva aliponishusha na magongo yangu mbele ya duka la yule mfanyabiashara, lililoungana na nyumba yao, nilikuwa nimeshatunga maneno ya kukataa.

Halafu nikaliona tangi.

Lilikuwa limewekwa dirishani, jua linalipiga kuanzia asubuhi. Nilitia kidole: maji vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Mawe yalikuwa yamepangwa kama ukuta wa ua, kutoka chini hadi juu, maji hayana pa kupita nyuma yake, uchafu umejaa huko. Pampu ilikuwa inasukuma maji kwa nguvu za mto. Na humo wamechanganywa samaki wasioishi pamoja. Kulikuwa na kikande, samaki mwenye meno na roho mbaya, anakula kila kinachoanguka. Kwenye pembe, farasi wa baharini wawili waliosalia walikuwa wamejishika kwenye waya wa pampu, wamekonda, wanayumba kama nguo kwenye kamba.

Yale maneno ya kukataa sikuyasema. Nilisema, "Nani alipanga hivi?" Nikaomba ndoo, kitambaa na kiti.

Tulifanya kazi siku ile nzima. Nilikaa kwenye kiti nikielekeza, watu wa nyumba wakibeba. Tangi tulilihamishia ukuta wa ndani usiopata jua. Mawe nikayashusha, nikajenga vilima viwili vidogo na kuacha uwazi katikati, ili maji yazunguke pande zote. Nikachomeka matawi ya matumbawe makavu yaliyosafishwa, farasi wapate pa kujishika. Pampu nikaigeuzia kwenye kioo ili nguvu zake zivunjike. Kikande tulimtenga katika tangi dogo la pili, peke yake, kama mfungwa. Na juu ya maji nikaweka feni. Upepo mkavu wa Turkana tunaoulalamikia, ukipita juu ya maji huyapoza. Ila maji yanayokauka huacha chumvi nyuma, kwa hiyo niliwafundisha kujazia maji matamu yaliyochujwa, kila siku, wasiongeze chumvi bure.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka muda wote huo. Nilipomaliza, alimtazama mmoja wa wale farasi, dume mkubwa, akiachia waya na kuhamia kwenye tawi. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, utarudi lini?"

Ndugu zangu, tangu ajali ile watu walikuwa wakiniuliza naendeleaje. Wema wao siukatai. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza nitarudi lini, kana kwamba kuna mahali ninapongojwa. Nilijibu Alhamisi kabla sijafikiri. Kwenye gari nikirudi Lodwar nikagundua kwamba nina ahadi na siwezi kufa kabla ya Alhamisi. Mnacheka, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi Alhamisi hiyo na iliyofuata. Niliagiza kwa binamu yangu mayai ya kamba wadogo sana, yale yanayoanguliwa kwenye chupa ya maji ya chumvi, kwa sababu farasi walipenda chakula kinachotikisika. Tulikuwa tukiwalisha polepole kwa mrija. Jirani mmoja Mkongomani, fundi wa redio, akawa anakuja kutazama, mwisho akawa mwenzangu. Farasi wakaanza kunenepa. Dume akavimba tumbo, nikamwambia bibi kuna mjamzito nyumbani.

Jaribu lilikuja mwanzoni mwa 2013, wakati wa joto kali. Jenereta ya mfanyabiashara iliungua mchana, nami niko pale. Feni ikasimama, pampu ikasimama. Katika joto lile, maji yasiyotembea huishiwa hewa upesi, na samaki hukata roho kimya kimya. Mfanyabiashara akatuma mtu kutafuta kipuri. Yule Mkongomani akasema, "Papa, maji ile iko inakuwa moto. Tunafanya nini?"

Nikawaambia tutakuwa pampu sisi wenyewe. Unachota maji kwa jagi, unayainua juu, unayamimina yarudi tangini yakitoa povu. Povu ndiyo hewa. Unarudia. Wengine walifunika vioo kwa mashuka yaliyolowa, wengine wakaleta barafu kutoka sokoni tukaitumbukiza majini ndani ya mifuko iliyofungwa, kidogo kidogo, maji yasishtuke. Tulipokezana majagi: madereva wa malori, wanawake wa nyumba ile, fundi redio, na mimi. Bibi naye akadai zamu yake, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Kikande alikufa. Na samaki wengine watatu. Jenereta ilinguruma tena baada ya magharibi, na pampu ikaamka. Hapo ndipo yule Mkongomani aliponiambia niketi. Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama, nimeegemea meza kwa nyonga, magongo yako sakafuni upande wa pili wa chumba. Nilikuwa nimesimama zamu zangu zote.

Sisemi nilipona. Naomba mtu asitoke hapa akisema kuna mtu aliponywa na samaki. Nilipotaka kupiga hatua nilianguka, na fundi akanidaka. Lakini niliona kwamba miguu ile niliyoiita ya kuazima ina kitu bado. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, ambaye kwa miezi nilikuwa nimemkwepa. Akaniambia tutaanza na kidogo. Tukaanza na kidogo. Ndiyo maana leo mnaniona na gongo moja.

Siku chache baada ya joto lile dume alizaa. Alijikunja kama mtu mwenye kikohozi, na kila akijikunja hutoka wingu la watoto wadogo kama vipande vya uzi. Bibi alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Akaanza kumsimulia mwanawe, kwa Kiswahili chake cha visiwani, jinsi alivyokuwa akiwaona farasi hao kwenye majani ya bahari maji yakikupwa, alipokuwa msichana akiokota kombe za kula ufukweni na mama yake. Mfanyabiashara alinong'ona kwamba habari za kwao hajawahi kuzisikia kutoka kinywani mwa mama yake. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na alikaa chini kwenye mkeka akasikiliza. Watoto wengi wa farasi walikufa, hiyo ndiyo kawaida yao hata baharini. Wachache walikua.

Sasa nina kazi. Natunza tangi la bibi na jingine kwa daktari mmoja hapa Lodwar, na fundi redio analitunza lile la Kakuma nisipokuwepo. Naswali tena, nikiwa nimekaa. Siku mbaya bado huja. Zikija, siku hizi nafungua mlango.

Nashukuru Mungu. Namshukuru bibi, na mwanawe ambaye hajawahi kunifanya nijione omba-omba. Namshukuru mama wa makaa, aliyegonga bati akidharauliwa na hakuchoka. Na namshukuru mke wangu, yule mwenye jicho la onyo pale safu ya pili. Yeye alinipeleka kwa nguvu mahali ambapo kwa hiari nisingefika.

Nilichojifunza ni kimoja. Mtu aliyeanguka mpeni pole, ndiyo, na mpelekeni kwa daktari. Lakini mkishampa pole, mwombeni msaada. Msaada wa kweli, wa kitu ambacho asipokuja kitaharibika.

Kwa hiyo namalizia na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza na hujasema neno. Sijui yaliyokupata, na sikuulizi mbele ya watu. Ila Alhamisi naenda Kakuma, kuna mawe mazito ya kutoa na kupanga upya, na mimi siwezi kuinama. Mikono yako naiona ni mizima. Dereva anapita kwangu asubuhi, na nimemwambia tutakuwa wawili.