Mzee Geoffrey Mbithi Kavoi, Msafishaji wa Filamu za Kianda (1950–2008)

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 1 Machi 2008, hapa makaburi ya Lang'ata, ni Geoffrey Mbithi Kavoi, mume wa Nabwire, baba yangu mimi Bridgit Kalondu na mdogo wangu Kavoi. Mama ameniagiza niusome wasifu huu kwa heshima, na nitausoma kwa heshima. Upole hakuniagiza.

Mzee Mbithi alizaliwa Zombe, Kitui, tarehe 14 Agosti 1950, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kavoi, mchonga vinyago, na marehemu Kalondu, ambaye nilirithi jina lake. Alisoma shule ya msingi hapo Zombe hadi darasa la saba. Mtihani aliupita, lakini mwaka huo mvua ilikataa, ng'ombe wakaisha, na masomo yakaishia hapo. Hatukuwahi kumsikia akililia jambo hilo.

Mwaka 1969 alikuja Nairobi, akaajiriwa kufagia katika studio moja ya picha karibu na River Road. Baada ya muda wakamwingiza katika chumba cha giza, akafundishwa kusafisha filamu na kutoa picha. Huko ndiko alikokutana na Mama. Nabwire, msichana wa Busia, alikuja mwaka 1980 kupigwa picha ya kitambulisho. Alipokuja kuichukua, Baba akamwambia kwamba amefumba macho, arudiwe. Akarudiwa. Akaja tena, akaambiwa taa ilizimika katikati ya kazi. Mara ya tatu Mama akamuuliza, "Kwani wewe unajua kazi hii ama unajifunza na uso wangu?" Baba akafungua droo, akampa picha zote, na kila moja ilikuwa safi, macho yamefunguka vizuri kabisa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1981, ingawa wa Zombe walisema Busia ni mbali, na wa Busia wakasema vilevile kuhusu Zombe.

Mwaka 1983 alifungua studio yake mwenyewe Kianda, hapo Kibera, upande wa Olympic. Picha za nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe. Za rangi alizipeleka kwenye maabara za mjini. Watu wa Kitui na watu wa Busia walimtumia filamu zao kwa posta, zimezungushiwa gazeti ndani ya bahasha, naye akazirudisha zikiwa picha. Tulipokuwa wadogo tulijua amefika kabla hajagonga mlango, kwa ile harufu ya dawa mikononi mwake, kali kama siki. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani hapo Kianda, utaikuta kazi yake ukutani: mtoto anabatizwa, bibi harusi, mzee ndani ya jeneza.

Kisha zikaja kamera zisizohitaji filamu, na baadaye simu zenye kamera. Vijana wa mtaa wa Kawangware 46 wakaanza kutoa picha papo hapo. Watu waliokuwa wakimwita Baba "fundi" wakaanza kupita mlangoni bila kugeuza shingo. Maabara za mjini zilifungwa moja baada ya nyingine. Moja sasa inauza simu. Katikati ya mwaka jana mwenye maabara ya mwisho aliyoitegemea alimwambia, "Mzee Mbithi, hii mashine naiuza kama chuma. Rudi nyumbani ukalime." Baba akamuuliza, "Nilime nini Zombe? Mawe?"

Hakukata tamaa. Alisikia kwamba Kisumu kuna maabara bado inasafisha filamu za rangi, akaanza kuzituma huko kwa posta. Zilikawia, lakini zilirudi. Waliobaki naye walikuwa wachache, wazee wenye kamera za zamani, na Mzee Wangila, mtu wa Western kama Mama, jirani yetu tangu mimi sijazaliwa. Binti yake Mzee Wangila alipoolewa Desemba iliyopita, Baba mwenyewe alimshauri aite vijana wa 46. Akamweleza kwamba Nairobi amekosa mashine na kwamba picha zitasafiri hadi Kisumu. Mzee Wangila alikataa. "Hizo za kompyuta zinafutika," alisema. "Mimi nataka negativu, kitu naweza kushika." Baba akapiga picha za harusi siku nzima, akazifunga filamu na kuzipeleka posta mwenyewe.

Tukapiga kura. Tarehe 30 Desemba matokeo yakatangazwa, na yaliyofuata mnayajua. Barabara zikafungwa, reli ikang'olewa, Kisumu ikawaka. Baba alipiga simu ya ile maabara kila siku, haikushikwa. Mpaka leo hatujui kama bahasha ilifika.

Mwanzoni mwa Januari Mzee Wangila alikuja studio.

"Picha za msichana wangu ziko wapi?"

"Ziko njia ya Kisumu," Baba alijibu. "Barabara ikifunguka zitakuja."

"Kwani Nairobi mashine zimeisha?"

"Si nilikwambia, Wangila?"

"Unajua venye watu wanasema? Wanasema picha zetu unawapelekea polisi."

Baba alicheka. Alidhani ni mzaha. Ni mtu aliyekula kwetu Krismasi zaidi ya ishirini; angedhani nini kingine?

Tarehe 8 Januari majina ya mawaziri yalitangazwa, Mkamba mmoja akapewa umakamu wa rais, na kufikia jioni Mkamba yeyote aliyekuwa Kibera alikuwa msaliti. Baba hakuwa katika orodha ile. Hakuna waziri aliyewahi kuuliza hali yake. Kesho yake asubuhi vijana walifika studio.

"Mkamba, toka! Watu wenu wametuuza!"

Mzee Wangila alikuwa pamoja nao. Hakushika rungu, hilo nalisema kwa haki. Alisimama kando, mikono mfukoni, na Mama alipotoka nje akamwambia, "Dada, wewe kaa. Wewe ni wetu. Huyu ndiye anaenda."

Mama akamjibu, "Huyu ni nani? Huyu si ndiye alibeba jeneza la mama yako? Akienda, nimeenda."

Walichukua kamera, taa, hata pazia lililochorwa maua. Negativu hawakuzitaka. Walizimwaga barabarani, miaka ishirini na mitano ya Kianda, wakazitia kiberiti. Filamu ikiungua hutoa moshi mweusi, mzito, unaokaba koo. Baba aliingia ndani ya moshi ule kwa mikono mitupu, akijaribu kuzitoa. Kuna mtu alipiga kelele, "Wacha ziive!" na watu wakacheka. Wengi waliokuwa wakicheka walikuwa wakijichoma wenyewe bila kujua. Ubatizo wao ulikuwa mle. Mama zao waliokufa walikuwa mle. Aliyemvuta Baba kutoka motoni ni Mama, peke yake, na kulikuwa na wanaume wazima pande zote mbili za barabara.

Walikimbilia Kawangware 46, kwa binamu ya Baba. Mnadhani huko walipumua? Haikupita wiki mbili, mwenye nyumba, Mama Waruguru, akaja mlangoni. "Mzee, wewe huna shida," akasema. "Lakini huyu mama ni wa Western, upande wa upinzani, na vijana wameanza kumuulizia. Mimi sitaki nyumba yangu ichomwe." Kianda walimfukuza mume, 46 wakamfukuza mke. Ninyi watu mlikubaliana lini?

Mama alienda kuishi kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, Jamhuri. Baba alitaka kumfuata, naye Mama akakataa katakata. "Na hicho kifua chako? Hema lina baridi kama nje. Utanifia." Kwa hiyo Baba akawa anamtembelea. Alitoka 46 kwa miguu, akapita Riruta, akashuka hadi Jamhuri, mikono imefungwa bandeji, thamosi ya chai kwapani. Walikaa juu ya mtungi wa maji uliolazwa, wakanywa ile chai, kisha akarudi. Alikohoa makohozi meusi. Nilimsihi apumzike, akaniambia, "Kalondu, mke wangu yuko nje, mimi nitalalaje?"

Ijumaa, tarehe 15 Februari, alianguka langoni Jamhuri. Alilazwa hospitalini, na madaktari wakasema mapafu yalikuwa yameharibika vibaya. Jumanne jioni alinishika mkono, akaniuliza, "Posta imefunguliwa?"

"Bado, Baba."

"Ikifunguliwa, uulizie Kisumu. Harusi ya Wangila iko huko."

"Baba, Wangila alisimama akakuangalia ukiungua."

"Yule msichana alipendeza," akasema. "Usiache zipotee."

Alifariki Jumatano, tarehe 20 Februari 2008, alfajiri, Mama akiwa kando yake. Mimi nitaulizia Kisumu kwa sababu yeye ndiye alisema. Moyo wake sikuurithi, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya jeneza lake.

Wengine mmeuliza mbona picha iliyo kwenye jalada la programu ni ndogo na ina mhuri shavuni. Ni ya kitambulisho chake. Mtu aliyewapiga picha ninyi nyote hana nyingine. Mkitaka kujua zilikoenda, ulizaneni huko mlikokaa.

Mzee Mbithi aliomba azikwe Nairobi, mahali ambapo Mama anaweza kufika. Ameacha mjane, Nabwire, ambaye leo usiku atarudi kwenye hema. Mimi, Bridgit Kalondu, na mume wangu Geoffrey Walubengo. Mwanawe Kavoi, fundi wa magari Machakos. Mjukuu mmoja, Everlyne. Na ndugu zake wawili kule Zombe. Tunawashukuru wauguzi wa wadi, na wenzake Mama wa hema, waliochangia blanketi wakati wao wenyewe hawakuwa nazo za kutosha.

Juzi Alhamisi wakubwa wa pande zote mbili walipeana mikono kwenye televisheni. Jana Mzee Wangila akaja kwetu na wazee wawili wa kanisa, akaomba apewe nafasi aseme machache kama rafiki wa familia. "Tusahau, binti yangu," akaniambia. "Sasa kuna amani." Nilimwambia programu imejaa. Haikuwa imejaa. Mama alikuwa anasikia, akatoka, akamwambia mwenyewe: "Kuja, uzike na wengine. Lakini udongo usishike."

Kwa hiyo watakaoweka udongo ni jamaa wa Zombe, jamaa wa Busia, na watu wa mahema. Wengine mtabaki pale mlipo. Kusimama mkiangalia mnakujua.

Mzee Mbithi na apumzike kwa amani. Mzee Wangila, tafadhali rudi ukae.