Mkono Wangu wa Kushoto na Wimbo wa Dakika Ishirini

Bwana asifiwe. Wenye mikono wapige makofi, na sisi ambao mikono ilikataa kazi tuitikie na vichwa. Mungu atatuona tu.

Nimeambiwa niongee kwa ufupi kwa sababu chai inapoa. Sitaongea kwa ufupi. Kila mtu hapa ama alipatwa na kiharusi ama anamlea mtu aliyepatwa, kwa hivyo sioni nani atatoka mbio.

Mimi ni mjane wa hapa Ruring'u. Shule niliacha darasa la tatu. Wajukuu niko nao, lakini msiniulize ni wangapi. Kwetu watu na mbuzi hawahesabiwi, na kuna hesabu moja hata kuitaja mama yangu alikataza. Ile inayofuata sita. Mtu akikaa malishoni siku sita, hawezi kurudi nyumbani siku inayofuata, atarudi na balaa. Sisi tulikuwa tunasema "sita na ile nyingine." Mimi nimeokoka miaka mingi, lakini hiyo sikuiacha. Shikeni hayo maneno, maana ndiyo yaliniangusha.

Nilizaliwa Kangari, kwenye majani chai. Nilichuma kwa mikono miwili, wa kulia ukishindana na wa kushoto, na kikapu kilijaa mgongoni wakati wengine bado wanafunga vitambaa kichwani. Nawaambia bila haya, hakuna mwanamke alinishinda. Hii mikono ndiyo ilikuwa cheti changu.

Sasa, kuna mjukuu mmoja wa kike, mama yake alimwacha akiwa mchanga, Mungu amrehemu, nikamlea mwenyewe. Amekuwa fundi wa redio na televisheni huko mjini. Msichana! Wanaume wanakuja wanauliza, "Fundi ako wapi?" Anawajibu, "Unamwangalia."

Siku moja mtu alileta redio ya kaseti na hakurudi kuichukua. Ndani mlikuwa na kaseti ya Wazungu wa zamani. Ni roki, lakini si ile ya kurukaruka. Yeye huiita progresivu. Wimbo mmoja ni dakika ishirini, ndugu zangu! Unaanza kama upepo, unakuwa kanisa, unakuwa vita, unarudi kuwa upepo. Ukianza kupika ugali na sukuma, mtakula na kusafisha meza na bado Mzungu anaimba.

Mjukuu wangu akashikwa. Akatafuta vinanda vya umeme vilivyoharibika, vile huitwa sinthesaiza, akavitengeneza kimoja kimoja, akavipanga sebuleni kwangu juu ya meza ya wageni. Akaanza kuzitengeneza zile nyimbo upya, yeye peke yake. Anasikiza kaseti, anarudisha nyuma, anasikiza tena, anazungusha vifundo kidogo kidogo mpaka filimbi itoke kama ile filimbi. Kazi ya wanaume watano inafanywa na msichana mmoja amevaa slipa.

Mnadhani nilijivunia? Niliona aibu. Wageni walikuwa wanakunywa uji wameshika bakuli kwa magoti, kwa sababu meza imejaa mitambo.

Siku moja akaniita. "Shosho, kuja usikie. Hii ngoma haihesabu nne kama zenu za kanisani."

Nikahesabu na mguu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ngoma ikapiga moja zaidi, halafu ikaanza upya. Nikahesabu tena. Tena ikapiga ile nyingine. Mguu wangu ukabaki hewani. Nikasema moyoni, hii kitu imejitaja yenyewe.

Nikawaambia kina mama tunaoomba nao. Wakasema dawa yake ni mafuta ya upako. Mjukuu alipoenda kazini, nikachukua chupa. Mtu mwenye akili angepaka tone kwa ubao. Mimi nilimwaga. Nusu chupa, katikati ya yale meno meupe na meusi ya kinanda kikubwa kuliko vyote, nikikemea kwa sauti mpaka kuku wakatoka uwanjani.

Aliporudi akakiwasha. Kikatoa sauti moja kama ng'ombe amekanyagwa kwato, tukasikia harufu ya kuungua, halafu kimya. Akagusa meno ya kinanda. Akanusa vidole.

"Shosho, umekaanga kinanda?"

"Nimekiombea."

"Hiki ndicho kilikuwa na kumbukumbu! Unakifundisha kipande mara moja, kinarudia chenyewe, na wewe mikono yako inafanya kazi ingine. Vingine vyote havikumbuki kitu."

"Basi ni pepo lilikuwa linakumbuka," nikasema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Wiki hiyo akahamia mtaa wa Skuta na vinanda vyake. Alisimama mlangoni akingoja niseme kitu. Nikamwambia, "Nenda." Neno moja tu, na nikarudi jikoni nikijiona nimeshinda vita.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja nilikuwa nakamua ng'ombe. Mkono wa kushoto ukaacha chuchu. Nikauangalia nikiuambia, "Shika." Ukanikatalia. Nikaanguka upande huo, ndoo ikamwagika, na ng'ombe akageuka kuniangalia kama mtu ameona mlevi. Jirani ndiye alinikuta. Hospitali nilikaa, nikarudishiwa usemi na mguu, Mungu ni mwema. Lakini mkono ulibaki umening'inia kama soksi kwenye kamba.

Nani alikuja kunichukua? Yule niliyemwambia "Nenda." Akanipeleka kwake Skuta. Akanivua, akaniosha, akanifunga vifungo vya nguo. Mimi niliyemfunga nepi! Nyinyi mmepitia hiyo aibu mnaijua. Unaangalia ukuta. Unajifanya uko safari.

Mwanangu mkubwa akasema nyumba yangu ifungwe na ng'ombe apewe mtu mwingine, mama hawezi tena kukaa peke yake. Mjukuu akamwambia, "Tungoje kidogo, ankol. Shosho akijifunga vifungo vyake na ainue sufuria kwa mikono miwili, arudi kwake. Akishindwa, tutafunga." Hivyo ndivyo ilikubaliwa. Vifungo na sufuria, au nisahau mlango wangu.

Mngefikiri nilijitahidi. Sikujitahidi! Yule mama wa mazoezi hospitalini alinipa mpira wa kufinya. Nikamwambia mimi nimechuma chai ya kujaza lori, sitacheza mpira kama mtoto wa nasari. Nikauweka chini ya kitanda. Ukiniombea ninasema amina, ukiniambia nifinye ninasinzia.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mvua. Mjukuu alikuwa anatengeneza ule wimbo wa dakika ishirini. Kuna mahali katikati ambapo mikono yake miwili inakimbia juu, na chini kabisa kuna sauti moja nzito, inavuma kama kinu cha posho. Lazima jino la hiyo sauti lishikiliwe chini, na kile kinanda cha kujirudia chenyewe nilishakiua. Akalikandamiza na paketi ya unga. Sawa. Lakini ngoma ikimaliza kuhesabu, sauti inahamia jino la pili, na unga hauwezi kujihamisha. Akausukuma na kiwiko. Paketi ikaanguka, ikapasuka, kinanda kikawa cheupe.

Nikamwambia, "Na wewe sasa umekiombea na unga."

Aliniangalia. Tukacheka, ndugu zangu, mpaka nikakohoa. Kilikuwa kicheko cha kwanza kati yetu tangu mafuta.

Akafuta macho. "Shosho, niazime mkono."

"Upi?"

"Ule hutumii."

Nilikasirika kwanza. "Mkono wangu ni paketi ya unga?"

"Ni mzito kuliko paketi, na hautapasuka."

Akaleta kiti changu, akauinua mkono, akaweka kidole juu ya lile jino. Sauti ikatoka. Nawaambia kitu cha ajabu: ile sauti ilipita kwa meza, ikapanda kwa mfupa mpaka kwapani. Miezi yote huo mkono haukuwa umeniletea habari yoyote. Sasa ulikuwa unaniambia, kuna kitu hapa.

"Sasa hesabu," akasema, "ukimaliza nikusukume na kiwiko uhame."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Nikaishia hapo.

"Na?"

"Na ile nyingine."

"Shosho, huwezi kusema ile nyingine, ni ndefu! Ngoma itatuacha!"

"Mama yangu alikataza."

"Alikataza mbuzi. Unaona mbuzi hapa?"

"Unanichezea."

"Mungu alipumzika siku ya ngapi?"

Nikafikiria. Miaka yote ya kuokoka, na hakuna mchungaji alikuwa ameniuliza hivyo. Hapo ndipo niliona mambo yangu yote kwa mstari: kwa sababu ya kuogopa hesabu nilimwaga mafuta, kwa sababu ya mafuta kinanda kilikufa, kwa sababu ya kiburi mtoto alihama. Na kwetu mzee haombi mtoto msamaha. Hupeleka kuku au hununua sukari, mtoto anaelewa mwenyewe. Mimi sikuwa na kuku hapo Skuta. Nikasema na mdomo wangu huu uliokuwa bado umepinda: "Nilikuharibia kinanda na nikakufukuza. Nilikosea. Nisamehe."

Akabonyeza bonyeza kifundo fulani bila sababu. "Nilisamehe kitambo," akasema. "Nilikuwa nangoja tu usikie."

"Basi anza."

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Nikasema saba! Paa halikuanguka.

Kutoka siku hiyo, kila akitoka kazini, kabla ya chai, tuko kwa kinanda. Yeye anakimbia juu, mimi ninavuma chini, na kiwiko chake kinanisukuma. Wiki zikapita. Kwanza bega langu likaanza kujua wakati umefika, linainuka kabla hajanigusa. Halafu kiwiko. Kidole kilikuja mwisho, kama mgeni mkubwa kwa harusi. Jioni moja nilisema saba na kidole kikapanda. Si kupanda sana, kama unene wa kucha. Lakini kilitoka kwa jino, kikahama, kikatua kwa lile la pili chenyewe.

Mjukuu akaacha kucheza. Ikabaki sauti yangu tu nyumba nzima.

"Shosho, nani ameinua hiyo?"

"Usiache! Cheza! Nitapoteza hesabu!"

Akacheza huku analia, na akacheza vibaya, na nikamwambia anacheza vibaya.

Hapo nikawa mkali. Ule mpira nilienda kuutafuta mwenyewe chini ya kitanda. Nilikuwa nafinya nikiangalia habari, nikifinya nikiomba, saba, pumzika, saba, pumzika. Siku ya kunasa wimbo wote kwa kompyuta, tulirudia mara nyingi. Nikiwahi kuhama, tunaanza upya. Paka akiruka mezani, upya. Mara moja tulifika dakika ya kumi na nane, na jirani akabisha kuomba chumvi. Nilimpa paketi nzima asirudi. Na tukamaliza. Dakika ishirini, mwanzo mpaka mwisho, mimi na fundi wangu.

Aliuweka kwa mtandao. Mtu wa ng'ambo, hata sijui ni nchi gani, akaandika akiuliza ile sauti nzito ya chini imetoka kwa mtambo gani, kwa sababu inatetemeka kidogo na yeye amejaribu kuipata kwa mitambo yake yote akashindwa. Mjukuu wangu akamjibu, "Huo mtambo ni shosho yangu, na hauuzwi."

Vifungo? Nilijifunga mbele ya mwanangu mkubwa, vyote, kutoka chini hadi shingoni, na nikachukua muda wangu. Sufuria niliinua ikiwa na maji. Niko kwangu Ruring'u tangu mvua ya pili iliyopita, na ng'ombe ananijua.

Nashukuru jirani aliyenitoa zizini. Namshukuru yule mama wa mazoezi; nilimpelekea maziwa na nikamwambia mpira wake ulikuwa mzuri, mimi ndiye nilikuwa mbaya. Namshukuru mwanangu kwa kungoja. Huyo fundi wangu simtaji jina, ataona aibu, lakini mkisikia mtu Nyeri hii anauliza kama msichana anaweza kutengeneza redio, mwambieni aje aniulize mimi. Na Mungu wangu namshukuru kwa siku zote saba, kila wiki.

Somo langu ni la nyinyi mnaotulea. Mnatupenda, tunajua. Mnatuletea chai, mnatuwekea mto, mnatuambia, "Kaa tu, shosho, usijisumbue." Na tunakaa. Tunakaa mpaka tunageuka kuwa viti. Mimi niliombewa na watu wengi na ninawaheshimu, lakini mkono wangu uliamka siku mtu aliuhitaji. Kwa hivyo mkifika nyumbani leo, usimuulize mgonjwa wako anataka nini. Mwambie, "Nisaidie kushika hapa." Na ukishamwambia, usimnyang'anye. Mngoje.