Mzee Severini Kobelo (1938–1996), Aliyepima Mbavu kwa Kicheko

Mzee Severini Bartholomeo Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Mgeta, kwenye mteremko mkali ambao, kwa maneno yake mwenyewe, kuku wa kwao walitaga huku wameshikilia nyasi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1952. Aliacha baada ya padri kumkuta akiiga mahubiri yake, tena kwa ufasaha zaidi. Baba yake alimkabidhi jembe siku hiyohiyo, na marehemu akalima kabichi na njegere miaka thelathini na ushee.

Tarehe 23 Juni 1962 alifunga ndoa na Bi Veronika. Alikuwa amemchekesha njiani mpaka akamwaga ndoo ya maji, ikabidi ateremke yeye kisimani kumchotea mengine.

Biashara zilipofunguliwa, mwaka 1987 alishuka Morogoro mjini kuuza mitumba. Soko huria halikuchelewa kumtambua: Agosti 1988 robota la sketi lilimporomokea kifuani kutoka juu ya lori.

“Mtani!” alipiga kelele Kibwana, mtani wake wa ukoo na jirani yake wa meza. “Wenzio wanauawa na chui, wewe na sketi!”

Soko zima lilicheka, na marehemu pia. Daktari alimpiga picha, akaona ufa mdogo kwenye ubavu mmoja. Alimpa dawa za maumivu, akamwambia avute pumzi ndefu mara kwa mara, asifungwe kifua, na arudi wiki inayofuata hata akijiona mzima, maana damu huweza kuvuja taratibu na kujaa baadaye. Marehemu alifika nyumbani akafungwa kanga mbili, akalala chali, na hakurudi. Nani arudi hospitali kwa ajili ya sketi?

Wiki ya pili Kibwana alipita kumtukana kama kawaida. Kimya. Akautukana ukoo mzima. Kimya.

“Mama Janeth,” alimwambia Bi Veronika, “huyu si mzima. Nimemwita ngedere, hajanijibu!”

Walimkimbiza hospitali. Damu ilikuwa imejaa upande mmoja wa kifua. Aliwekewa mpira, damu ikatoka, na matusi yakarudi kabla ya hamu ya chakula.

Tangu hapo aliyegonga ubavu pale sokoni hakupata raha. Mwaka 1993 Mwanvita, mama ntilie, alipigwa ubavuni na usukani wa baiskeli. Daktari alimwambia arudi, naye akasema hana nafasi. Marehemu alimwendea kila asubuhi na kichekesho kilekile.

“Baba Janeth, hicho nilikisikia jana.”

“Cheka tu, mwanangu. Sijaja kusifiwa.”

Asubuhi moja kicheko cha Mwanvita kilikatika katikati, akashika ubavu. Marehemu aliepua sufuria mwenyewe, akampeleka hospitali. Damu ilikuwa bado kidogo, ikatolewa mapema. Pilau mtakayokula leo ameipika Mwanvita.

Februari 1996 marehemu alianza kuugua figo. Alihudhuria kliniki kila alipotakiwa, jambo lililowashangaza wote waliomfahamu zamani. Siku ya mwisho Kibwana alimwinamia:

“Mtani, bado unavuta hewa ya serikali?”

“Siku hizi ni ya watu binafsi,” alijibu, akacheka, tena kicheko kirefu kisichokatika. Alifariki jioni hiyo, tarehe 9 Novemba 1996.

Ameacha mjane, Bi Veronika, watoto wanne, Janeth, Ernest, Elia na Witness, wajukuu tisa, na Kibwana, ambaye familia imemruhusu kumtukana mara ya mwisho kabla ya udongo. Mnaombwa kucheka mpaka pumzi iishe kabisa. Atakayeshika ubavu tutamwona, na gari lipo tayari.

Pumzika kwa amani, Baba Janeth. Zamu ya kupumua tumeipokea.