Mwendo wa Baba, Ukuta Hadi Ukuta

Nianze na ujinga wangu, maana ndio uliotangulia. Siku ya kwanza nilipokutana na mwalimu wangu wa dansi, nilimwiga anavyochechemea. Nilisimama nyuma ya mgongo wake, nikatoa nyonga pembeni, nikakokota mguu, wenzangu wakaangua kicheko. Ndugu zangu, chumba cha dansi kina kioo ukuta mzima. Alikuwa ananitazama tangu hatua ya kwanza.

Baba mchungaji ameniambia ushuhuda huu niusome kwenye karatasi, kwa sababu nikizungumza bila karatasi nitamwiga yeye. Ni kweli. Basi nasoma.

Mlikuwepo makaburini baba yangu alipozikwa, miezi mitatu kabla ya siku hiyo ya kioo. Mlinisikia nikicheka. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi lilichimbwa kwa katapila, na dereva alikuwa amekaa juu kule anakula andazi la mdalasini akisubiri tumalize. Nikacheka kwa sauti. Mtu nyuma yangu akasema, "Watoto wa huku Ulaya hawana moyo." Sikukasirika. Nilijichunguza, nikaona huenda anasema kweli.

Maana hakukuwa na kitu ndani. Chakula kilikuwa na joto, hakikuwa na ladha. Shuleni niliendelea kuchekesha darasa kama mtu anayewasha taa. Na mama alikuwa hanigombezi tena. Zamani nikimjibu kwa Kiswidi alinirushia kandambili. Sasa nilimjibu kwa Kiswidi, naye akaweka sahani mezani, akaingia chumbani. Nyumbani kwetu Rågsved, huku pembeni mwa Stockholm, jina la baba halikutajwa. Nilijua mama anafikiri nilimcheka mumewe. Nilitaka kumwambia sivyo, lakini ningemwonyesha nini? Sikuwa na chozi hata moja la kumpa.

Shule ikaamua nisaidiwe. Nikapewa nichague: dansi au kufinyanga vyungu, kwenye kituo cha vijana. Vyungu vinachafua nguo. Ndipo nikajikuta mbele ya kile kioo.

Mwalimu ni mama wa Kivietinamu, mfupi, wa miaka sitini na kitu. Hakugeuka. Alikiambia kioo, "Rudia. Nyonga umeipatia, bega umelisahau. Mtu anayeumia huku anajibeba huku." Akanisahihisha nusu saa nzima, mpaka nikachechemea kama yeye hasa. Hakuna aliyecheka tena. Utani ukisahihishwa nusu saa, nawaambia, unageuka kazi.

Maisha yake alinisimulia kidogo kidogo, akifagia sakafu. Alipelekwa shule ya dansi Hanoi akiwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa wakati wa vita, shule ikahamishiwa kijijini, wakawa wanajifunza kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, bila kioo, bila viatu. Alidhani atafundishwa kuruka. Badala yake mwalimu wao aliwapeleka barabarani msimu mzima, wawatazame wanawake waliobeba mizega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Kila mtoto achague mtu mmoja, amfuate, arudi na mwendo wake. Aliyerudi amekunja uso wa huzuni alirudishwa barabarani. "Sikukutuma uso," waliambiwa. "Nimekutuma uzito."

Baadaye alifundishwa na walimu wa kigeni, akacheza kwenye majukwaa makubwa, akaja Stockholm kusoma zaidi. Akiwa na miaka thelathini na nne nyonga yake ikateguka katikati ya onyesho. Alimaliza kucheza, akakaa chini, hakuweza kuinuka.

"Ulilia?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilikaa miaka miwili kama kabati."

"Halafu?"

"Halafu nikaanza kutazama watu wanavyotembea. Kutazama hakuhitaji nyonga."

Tangu hapo hutunga dansi kutokana na miendo ya watu wa kawaida: wazee, wafagiaji, mama mwenye gari la mtoto kwenye theluji. Hajali kama unahisi kitu. "Ukihisi, vizuri," husema. "Usipohisi, fanya sawasawa. Kazi itakuwa imefanyika."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyaelewa tangu mazishi.

Onyesho la vijana likakaribia. Kila mmoja alete mwendo wa mtu mmoja. Mimi nilimletea kanisa zima! Nilimwiga mchungaji, samahani baba. Nilimwiga mzee mmoja anayechelewa ibada na kuingia kwa ncha za vidole. Msigeuke kumtazama.

"Hawa ni wa kuchekesha," mwalimu akasema. "Nani hujamwiga?"

"Hakuna."

"Baba yako?"

"Huyo hatembei siku hizi," nikajibu, nikacheka.

Hakucheka, wala hakunionea huruma. Akauliza, "Akitoka kazini, mfuko alishika kwa mkono gani?"

Sikujua. Miaka kumi na tano nyumba moja, sikujua.

Baba alikuwa akifanya usafi uwanja wa ndege, akirudi kwa treni ya Märsta, halafu tunelbana, treni ya chini ya ardhi, mpaka kwetu. Nikaenda kusimama kituoni, saa ileile ya alasiri aliyokuwa akirudi, siku kumi, nikitazama wanaume wanaotoka kazini. Vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja, bila huzuni, kama mtu anayepanga vyombo. Mkono wa kulia, mfuko wenye bakuli la chakula. Bega la kushoto juu. Katikati ya njia anabadilisha mkono, anapangusa vidole pajani.

Siku ya onyesho mama alikaa safu ya tatu, koti mwilini. Aliletwa na mama mmoja wa kwaya yetu, Mkongo. Nikaanza kutembea, ukuta hadi ukuta. Hakukuwa na muziki. Nikafika katikati, nikabadilisha mkono.

"Mungu wangu!" yule mama wa kwaya akasema kwa sauti. "Ni papa yake kabisa!"

Mkono wangu ulikuwa mtupu, ndugu zangu. Lakini vidole viliniuma. Viliuma kweli, kama vya mtu aliyebeba kitu kutoka mbali. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu makaburini. Si kikubwa. Vidole vinne. Sikulia, msinisubiri nilie. Nilifika ukutani, nikaugusa, nikakaa.

Namshukuru mwalimu. Nilimwalika leo, akasema Jumapili anafua. Namshukuru mama wa kwaya kwa kumleta mama yangu, na kwa kushindwa kunyamaza. Hata aliyesema sina moyo namshukuru. Alikuwa karibu yangu, wengine walisogea mbali. Na kama yuko humu mtu ambaye ndani yake pamezimika, asijilazimishe kulia ili sisi turidhike. Atafute jambo moja dogo kuhusu yule aliyeondoka, alijue vizuri, alifanye sawasawa.

Mengine yote bado hayajarudi. Chakula kimeanza kuwa na ladha.

Baada ya onyesho mama na mimi tulirudi nyumbani kwa miguu. Hakupiga makofi kule ukumbini. Nilijua nimekosea, sikujua wapi. Tulipofika kwenye ngazi alisimama, akanishika mkono wa koti, akasema:

"Umemtembeza polepole mno. Akikaribia nyumbani alikuwa anaharakisha. Kila siku. Mimi nilikuwa namwona dirishani."